Mtoto wa Kadutu na deni ya dola 22: uchambuzi wa kisa kimoja

Kijana huyu alizaliwa 2010, anaishi Kadutu hapa Bukavu, mashariki ya Kongo (RDC), na kwenye daftari la shule yake ya sekondari imeandikwa kwamba aliacha masomo mwenyewe, mwaka wa 2023-2024, kalasi ya saba. Mimi ni mama, niko kwenye komite ya wazazi ya shule ile, na naandika haya kabla ya Septemba 2025. Jina la shule siweki, la mtoto pia siweki, lakini kisa nimekifuata kutoka mwisho mpaka mwanzo, nimekaa na mama yake, nimeongea na mtoto, na mwalimu wa kalasi yake, na prefe, yaani mkuu wa shule, nimefungua daftari za apeli, zile za mahudhurio, ukurasa kwa ukurasa, na naweza kusema bila kuogopa kwamba hayo maandishi si ya kweli. Hakuna siku ambayo yule mtoto aliamka akasema masomo basi. Alitolewa kidogo kidogo, siku mbili huku, siku nne kule, mpaka siku za kuwa nje zikapita siku za kuwa ndani na hakuna mtu aliyezihesabu.

Tuanze na nyumbani. Wako watoto wane. Mkubwa ni msichana, amemzidi kijana miaka miwili, huyo nitamrudilia chini maana sehemu yake ni nzito. Kiisha kijana, kiisha wadogo wawili. Mama anauza sambaza, zile samaki ndogo kama dagaa, ku soko ya Kadutu, anaamkaga kabla ya mwangaza kwenda kulangua kwa wavuvi wanaotoka ziwani, na wewe unayejua Ziwa Kivu unajua sambaza inavuliwa usiku na taa, kwa hiyo mwezi ukiwaka sana samaki hazisogei ku taa na ile wiki soko inakauka, nyumbani kwao pia inakauka. Baba alienda Kamituga kuchimba dhahabu. Mwanzo alikuwa anatuma kitu karibu kila mwezi. Septemba 2020 mvua ilijaza mashimo kule Kamituga, watu makumi wakafia chini, yeye hakuwa ndani siku ile, lakini tangu hapo akawa wa kuhama, mara Kamituga mara Shabunda, na feza ikawa inafika siku inayotaka yenyewe.

Kuna jibu ambalo watu wetu hulitoa haraka sana, kwamba wazazi wa aina hii hawajali masomo. Huyu mama aliishia kalasi ya ine ya primeri. Ana mfuko wa plastiki anaoutundika juu ya kitanda mahali panya haifiki, na ndani mna resi zote za malipo ya masomo za watoto wake tangu 2016, buletini zote za matokeo, hata karatasi za chanjo. Aliponitolea alizipanga chini kwa mwaka, hazisomi vizuri lakini anazijua kwa rangi na kwa muhuri. Mtu asiyejali masomo hafanyi hivyo, na naomba tuliache hilo jibu hapa hapa maana linatuzuia kuona vingine.

Sasa historia kidogo, bila hiyo kisa hakieleweki. Mwanzo wa miaka ya 1990, wakati wa Zaire, serikali ilishindwa kulipa walimu, walimu wakagoma, na ili shule zisife wazazi walikubaliana na makanisa yanayosimamia shule nyingi kwamba watakuwa wanaongezea walimu kitu mfukoni. Ikaitwa prime. Ilikuwa dawa ya muda, ikakaa karibu miaka 30. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilisema primeri katika shule za umma ni lazima na ni bure, ila kwa watu ilibaki maandishi mpaka Septemba 2019 Rais Félix Tshisekedi alipotangaza gratwite, yaani masomo ya bure, kwa kweli. Kijana wetu alikuwa anaingia kalasi ya ine. Kalasi ya kwanza, ya pili, ya tatu alikuwa ameisha kufukuzwa juu ya prime mara nyingi, mama anakumbuka kwamba siku za kwanza za ile Septemba mtoto alikuwa anabaki karibu na mlango wa kalasi, anangoja jina lake lisomwe, na halikusomwa.

Gratwite ilisaidia, sitaki mtu aseme niliipinga. Watoto wengi sana walirudi masomo. Lakini majengo hayakuongezeka, walimu hawakuongezeka kwa kadiri ile, na kalasi zikajaa mpaka utakuta watoto zaidi ya mia moja mbele ya mwalimu mmoja, watatu wanne kwenye banki (benchi) ya wawili, wengine chini. Kiisha korona: 19 Machi 2020 masomo yakafungwa nchi nzima, yakarudi Oktoba, yakafungwa tena 18 Desemba, yakafunguliwa 22 Februari 2021. Kijana alikuwa kalasi ya tano mwaka ule na alianguka, akarudilia. Ungetarajia nini? Mtoto anasomeshwa kwa Kifaransa ambacho nyumbani hakuna anayekiongea, katikati ya wenzake mia, miezi inakatika katikati. Lakini hata hapo hakuacha. Alirudilia, akapita, na 2023 akafanya mtihani wa taifa wa kumaliza primeri na akafaulu. Niliona buletini. Si ya kwanza katika kalasi, ni ya katikati, ya mtoto anayejikaza.

Hapo njo tunafika mahali penyewe.

Kwa sheria ya masomo ya 2014, kalasi ya saba na ya nane ni sehemu ya elimu ya msingi, miaka nane yote inahesabiwa pamoja. Lakini bure inaishia ya sita. Julai mtoto yuko bure, Septemba yuko malipo, na hajabadilika kitu, ni yule yule, mama ni yule yule, sambaza ni ile ile. Shule iliomba dola 15 kwa trimesta, 45 kwa mwaka. Kwa mtu wa mshahara ni kidogo. Kwa mama huyu ongeza shati jeupe na suruali ya buluu maana zile za primeri zilikuwa zimemfika juu ya vifundo, ongeza viatu, ongeza kaye za kuandikia, na sekondari kila kozi inataka kaye yake, si kama primeri ambako kaye chache zinatosha. Alipanga kulipa polepole. Alilipa dola 10 Septemba, 5 Oktoba, 5 tena Desemba. Na kuna dola 3 za mwisho ambazo nitazieleza.

Namna ya kufukuza watoto juu ya deni, kila mtu aliyesoma Bukavu anaijua. Asubuhi, mara nyingi Jumatatu, mtu wa kasha, yule anayepokea feza za shule, anaingia kalasini na listi, anasoma majina, waliosomwa wanakusanya kaye zao wanatoka mbele ya wengine. Hakuna kupiga, hakuna matusi, ni majina tu. Lakini kaa miaka 13 au 14 uwe wa kusomwa kila mara, na mbele ya wasichana wa kalasi yako.

Nilimuuliza prefe kwa nini wanafanya hivyo na jibu lake nataka lisikike pia. Alisema, “Mama, nusu ya walimu wangu hawako ku listi ya mshahara.” Ni kweli, nilionyeshwa majina. Mwalimu anaajiriwa, faili lake linapelekwa Kinshasa, anangoja kuandikwa ku listi ya serikali mwaka mmoja, miwili, mitatu, na wakati wote huo anafundisha kila siku na anakula kwa zile dola 15 za wazazi. Kwa hiyo mtoto wa mama wa sambaza anafukuzwa ili mtoto wa mwalimu ale. Wanaopaswa kulipa hawako pale kwenye ile kalasi, hawasikii majina yakisomwa. Prefe si mtu mbaya, na nikisema mfumo umemuweka mahali pabaya sisemi hivyo kumuokoa, nasema kwa sababu ndivyo nilivyoona.

Ila kuna kitu ambacho shule ingeweza kufanya bila senti hata moja na haikufanya, na hiki njo kiini cha kisa chote kwa maoni yangu. Nilifungua daftari mbili. Daftari ya deni ilikuwa safi kabisa: jina, kiasi, tarehe, sahihi, kila wiki inaangaliwa. Daftari ya apeli ilikuwa na majina na alama. Mtoto aliyefukuzwa juu ya feza aliwekewa alama ile ile ya mtoto mwenye malaria na ya mtoto aliyetoroka. Oktoba kijana alikosa siku 2. Novemba 5. Desemba wiki nzima karibu na egzame, na egzame zenyewe alifanya nusu tu maana wasio na resi hawakuruhusiwa. Januari 4. Februari 9. Machi aliingia siku chache tu. Baada ya vakansi ya Pasaka mstari wake uko mtupu mpaka mwisho wa mwaka. Angalia zile namba zinavyopanda. Mtu yeyote ambaye angezitazama pamoja, Desemba tu, angejua zinaelekea wapi. Hakuna aliyezitazama kwa sababu hakuna aliyekuwa na kazi ya kuzitazama, deni ilikuwa na mwenyewe, kukosa kwa mtoto hakukuwa na mwenyewe. Mwalimu wa kalasi alikuwa na watoto 70 na kitu, na alijua tu kwamba yule “ni wa deni”, kwa hiyo alipokosa hakushangaa.

Na mama hakujua. Hili lilinichukua muda kulielewa. Mtoto alipofukuzwa hakurudi nyumbani, maana nyumbani angekutana na dada yake na wadogo, na jioni mama angesikia, na mama akisikia ataenda kukopa, na mtoto alikuwa ameisha kuona mara moja jinsi mama alivyokopa kwa mwenzake wa soko na kelele zilizofuata. Kwa hiyo alikuwa anavua shati la shule analikunja anaweka chini ya kaye, anashuka. Mwanzoni alikuwa anakaa tu. Kiisha akaanza kubeba.

Bukavu ni milima, mtu akinunua gunia ku soko au akitoa mzigo ziwani lazima mgongo wa mtu uupandishe, na wamama ndio wamebeba huu mji miaka yote na kamba ku kipaji cha uso, sasa watoto nao wako kati. Mzigo mdogo franga mia tano, mkubwa elfu moja, siku nzuri anaweza kupata elfu tatu, nne. Aliniambia hivi, naandika vile alivyosema, na “juu” kwake ni “kwa sababu”: “Mama, siku ya kwanza nilibeba juu nilikuwa na njaa. Siku ya pili nilibeba juu nilitaka nilipe.” Na alilipa! Zile dola 3 za mwisho nilizosema hapo juu, Februari 2024, franga elfu nane na kitu, yeye mwenyewe alizikusanya kwa mgongo wake akazipeleka ku kasha. Walipokea, wakamwandikia resi, na resi iko kwenye mfuko wa mama, niliiona. Kesho yake listi ikasomwa na jina lake lilikuwamo, kwa sababu trimesta haijatimia. Mtu wa kasha alifuata kanuni yake. Kama kuna siku moja ambayo lazima niichague katika kisa hiki, siku ambayo yule mtoto alianza kutoka moyoni na si kwa miguu tu, nachagua ile.

Kutoka pale mambo yakageuka. Siku moja alifika nyumbani na kilo mbili za bunga. Mama aliniambia, “Nilimuuliza imetoka wapi, akasema nilibeba. Nilinyamaza. Nilipika bugali, tulikula.” Alinyamaza maana ilikuwa wiki ya mwezi, sambaza haikuwako. Simlaumu na wewe usimlaumu kabla hujakaa siku mbili na watoto wane bila kitu ku moto. Lakini baada ya wiki chache ile bunga ilikuwa imeingia kwenye hesabu ya nyumba. Watu wanasema mtoto anaacha masomo kwa sababu ya kazi. Hapa kazi ilikuja baadaye. Masomo yalimtoa kwanza, kazi ikamkuta nje, na ilipomshika haikumwachilia tena, juu sasa kurudi masomo kungekuwa na gharama mbili, dola za shule na bunga itakayokosekana.

Sasa nifike kwa haya, yaani aibu. Aprili 2024 alikuwa anatimiza miaka 14 kwenye kalasi ya saba ambamo wengine wana 12. Wenzake walikuwa wanapita ku soko saa sita na iniforme yao wanamkuta na gunia. Wengine walimwita maibobo, yaani mtoto wa barabarani. Mtoto mwenye mama, mwenye kitanda, anayeleta bunga nyumbani jioni, wanamwita maibobo. Akaanza kubebea upande mwingine wa mji, huko Nyawera, ili asiwaone.

Agosti 2024 mama alijaribu tena. Alikuwa ameweka dola 12 na akapata shule nyingine juu mlimani, ya bei ya chini, inayokubali kijana aanze upya ya saba. Shule mpya iliomba dosie: hati ya kumaliza primeri na buletini. Dosie iko shule ya kwanza. Shule ya kwanza ikasema dosie haitoki mpaka deni iishe, dola 22. Fikiria ile hesabu. Ana 12. Akizitoa kwa deni, deni haiishi na shule mpya hana cha kulipa. Akizishika, shule mpya haimpokei mtoto bila karatasi. Hati ya primeri, mtihani wa taifa ambao mtoto alifanya na akafaulu katika shule ya bure, imefungwa kwenye kabati juu ya deni ya sekondari. Hapa sioni upande wa pili wa kuutetea. Deni ni ya mzazi na shule, karatasi ni ya mtoto. Kuizuia hakukuletea shule hata franga moja, miezi inapita dola 22 hazijalipwa na mtoto hajasoma.

Mwezi uliofuata walimu wa shule za serikali waligoma wakidai mishahara, mwaka ukaanza kwa kuchechemea. Kiisha Februari 2025 waasi wa M23 wakaingia Bukavu, maghala yakaibiwa, benki zikafunga, vitu vikapanda bei, masomo yakasimama. Leo ukiuliza pale kartie, mtaani kwao, watu wanakujibu kwamba yule kijana vita njo ilimtoa masomo. Hata mama wakati mwingine anasema hivyo, nadhani ni rahisi zaidi kwake kusema. Vita imeharibu mengi na imetoa watoto wengi masomo, Goma, Minova, Sake, Kalehe, sina haja ya kueleza. Lakini kijana huyu vita ilimkuta nje tangu miezi kumi. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu tukiandika kila kitu ku hesabu ya vita, siku amani ikirudi kasha itarudi na listi yake, kabati itabaki na funguo yake, na tutashangaa watoto hawarudi.

Sasa dada yake.

Nilipomuuliza mama ni watoto wake wangapi waliacha masomo, alisema mmoja. Nilirudia swali, akasema tena mmoja. Msichana alikuwa pale anaosha vyombo. Yeye alianza kalasi ya kwanza siku moja na mdogo wake, 2016, akiwa na miaka 8, maana kabla ya hapo feza haikuwako na mama alitaka washikane mkono njiani. Buletini zake ziko kwenye mfuko ule ule, na kalasi ya kwanza mpaka ya ine, kila mwaka, points zake ziko juu ya za mdogo wake. Alikuwa mwepesi wa hesabu. Korona ilipofunga masomo, mama alikuwa na mtoto mchanga, yule wa mwisho aliyezaliwa 2020, na mama lazima awe ziwani kabla ya jua. Msichana akakaa na mtoto. 22 Februari 2021 masomo yalipofunguliwa, kijana alirudi kalasi ya tano, msichana hakurudi. Ilikuwa bure! Hakuna aliyemsoma ku listi, hakuna deni, hakuna kasha. Ila hapakuwa na mtu mwingine wa kumshikia mama yule mchanga. Na hakuna mkutano uliofanywa, mama hakumwambia acha, baba kwa simu hakuuliza, mwalimu aliyekuwa na watoto zaidi ya mia hakuona banki iliyopunguka mtu.

Kwa hiyo bure ni lazima na bure haitoshi, kisa hiki kina vyote viwili chini ya bati moja. Gratwite ilimbeba kijana kutoka ya ine mpaka ya sita, bila hiyo angetoka mapema. Kwa msichana haikufanya kitu, maana kilichomtoa kilikuwa masaa ya asubuhi. Na kijana kufika ya sita kulisimama juu ya dada yake kubaki nyumbani, hilo halimo katika daftari yoyote. Nilimuuliza yeye mwenyewe. Aliangalia mama kwanza, kiisha akasema, “Mi sikuachaka masomo, mama. Nilikuwa nangoja mutoto akomale.”

Hii shida si ya Kadutu peke yake, UNESCO ilihesabu 2024 watoto na vijana milioni 251 duniani wako nje ya masomo. Na majirani zetu wamepita njia hii mbele yetu. Uganda waliondoa malipo ya primeri 1997, Kenya 2003, kalasi zikafurika vile vile kama zetu, na kizuizi kikahamia juu, pale primeri inapoishia. Tanzania 2016 waliondoa ada mpaka kidato cha nne, na ile ndiyo hatua ambayo sisi bado. Mexico walianza 1997 mpango wa kumpa mama feza mkononi kama mtoto anahudhuria, na kiasi kilikuwa kinapanda sekondari, kwa wasichana kikiwa kikubwa zaidi, kwa sababu waliona hapo ndipo wanatoka wengi, na kweli matokeo makubwa yalikuwa hapo hapo, pa kuvuka kutoka primeri kwenda sekondari. Magharibi mwa Kenya kugawa iniforme bure tu kulipunguza wasichana wanaoacha. Iniforme tu! Nikifikiria suruali iliyomfika mtoto juu ya vifundo naelewa.

Kwetu kuna kalasi za kurattrape, zile senta zinazofundisha primeri ya miaka sita kwa miaka mitatu, kwa watoto wa miaka 9 mpaka 14. Ni kitu kizuri. Ila kijana primeri ameisha kuimaliza, haimhusu. Dada yake primeri hakuimaliza, ila ana miaka 17, amepita umri. Wote wawili wameangukia kwenye nafasi ambayo hakuna mtu aliyeipanga.

Tulichofanya katika komite ni kidogo na nakiandika kilivyo. Tuliomba shule vitu vitatu. Dosie ya mtoto itoke hata kama deni iko, mzazi atie sahihi ya kulipa polepole. Ku daftari ya apeli kuwe alama tofauti kwa mtoto aliyefukuzwa juu ya feza, ili kila Ijumaa mtu aone shule yenyewe imetoa watoto wangapi kwa wiki. Na mtoto akikosa siku tano, mtu wa komite apande nyumbani kwao kuuliza, maana simu nyingi za wazazi hazina charge au zimeisha kuuzwa. Prefe alikubali la kwanza baada ya kujadiliana sana. La pili alisema litamletea maneno na wakubwa, bado tunalisukuma. La tatu tunalifanya sisi wenyewe bila ruhusa, ni miguu yetu, na watoto wawili wa kalasi ya saba tumewakuta ndani ya wiki ya kwanza kabla hawajazoea kubeba.

Kijana dosie yake imetoka. Septemba hii 2025 ataanza ya saba upya ile shule ya mlimani, akiwa na miaka 15, zamu ya asubuhi, mchana anabeba, mama ameomba asibebe zaidi ya siku tatu kwa wiki na yeye amesema ataona. Msichana anataka kushona. Senta iliyo karibu inafundisha asubuhi tu, saa mbili mpaka saa sita, na inaomba dola 10 za kuingia, hizo wamama watatu wa komite tumezipata. Kilichobaki ni mdogo wa mwisho, ana miaka 5, kalasi ya kwanza ni mwaka kesho, na mpaka pale lazima awe na mtu kila asubuhi. Jirani mmoja amekubali siku mbili, Jumanne na Alhamisi. Siku zingine tatu bado tunazitafuta.